Plasta Kwenye Dashibodi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo, hata nikiwa nimekukasirikia. Na nimekukasirikia sana.

Pikapu yako naiendesha mimi sasa. Tangu tulipoanua matanga yako nabeba alizeti kutoka Ikungi kwenda kukamua mjini, na watu wa barabarani bado wanapunga mkono wakidhani ni wewe. Niliacha kila kitu kama ulivyokiacha. Hata ile plasta. Siku uliyopimwa ukaambiwa una presha, ulitoka zahanati na plasta mkononi pale walipokutoa damu. Ukaibandua, ukaibandika kwenye dashibodi juu ya taa ya injini, ile ya njano isiyozimika. "Hii taa ina kelele," ulisema. Mimi na Mama tulicheka mpaka nyumbani. Dawa hukuzimeza. Ulipoanza kushika kifua ulisema ni gesi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee walinong'ona hivyo msibani kwako, wakiota moto, wakidhani sisikii.

Wiki iliyopita nilikuwa na Mama, tumepakia magunia. Ikungi tumeiacha nyuma, injini ikaanza kugonga. Nikaona wekundu mwembamba pembeni ya plasta, pale gundi ilipolegea kwa joto. Nikaegesha, na kabla sijazima nikaibandua. Ilikuwa imefunika taa mbili, Baba. Ile yako ya njano, na nyekundu ya oili. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, kilitoka kikavu.

Mama hakuwa na subira. Alisema kwa Kinyaturu, kama kawaida yake akikasirika, "Baba yako angeenda tu, angefika."

"Baba hakufika," nikamjibu.

Sikupanga kusema hivyo. Mama aligeukia dirisha lake. Kisha akavua kiatu akanionyesha mguu. Umevimba, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Akasema akiinua ndoo pumzi inamkatika, na kwamba alinyamaza kwa sababu nilikuwa na msiba wa kunitosha. Nyinyi wawili mlifundishana wapi?

Mtu wa bodaboda alituletea oili. Nikajaza, taa nyekundu ikazimika, tukaenda polepole. Kwenye mashine ya kukamua sikusimama, nilipitiliza na magunia yangu hadi hospitali. Mama akakataa kushuka. Alishika mlango, akasema watu watatucheka, tumekuja kwa daktari na alizeti. Nikamwambia wacheke. Akashuka akinuna, na nesi alipompima presha alirudia kupima. Daktari alisema moyo umechoka, lakini dawa zipo, na zinasaidia zikimezwa. Aliposema "zikimezwa" nilitoka nje nikalia kando ya gari lako.

Sasa anameza. Asubuhi nasimama mbele yake mpaka nione ulimi, ananiita askari. Fundi ameziba palipokuwa panavuja oili, na ile taa ya njano nayo ameitafutia chanzo, imezimika. Ilikuwa kitu kidogo tu. Kidogo hivyo, na wewe uliishi nayo miaka.

Lakini situlii, Baba. Barabarani natazama taa kuliko ninavyotazama njia. Nyumbani namtazama Mama. Hata sasa amejilaza mchana huu, nimeiacha barua katikati nikaenda kusimama mlangoni kusikiliza anavyopumua. Akafumbua jicho moja, akaniuliza kama nimekosa kazi.

Nakulilia na kukugombeza kwa pumzi moja. Ungemeza zile dawa ungekuwa umekaa pembeni yangu, unaninyooshea kidole ninavyokwaruza gia. Ningekubali unigombeze mpaka Manyoni na kurudi.

Basi pumzika. Mama anakusalimia, anasema mtaonana. Usimngojee mlangoni, Baba. Nakuahidi nitamchelewesha kwa nguvu zangu zote.

Binti yako