Kulabu ya Mbele

Jumapili, mwezi wa nne, 1958. Mvua tangu alfajiri, jua kidogo mchana, na sasa mawingu yamerudi yakakaa juu ya Kangemi kama wageni wasiojua kuaga. Moyo wangu uko nusu kwa nusu: nusu hasira, nusu kitu kingine ambacho sijakizoea.

Suruali yangu ya kanisani imelowekwa kwenye karai na maji yameshabadilishwa mara tatu. Mke wangu hajauliza neno. Aliitazama suruali, akanitazama mimi, akaingia jikoni, nami nikamsikia akicheka peke yake. Afadhali acheke. Niandike mambo yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapiga pasi.

Nianze na gari, maana gari ndilo nililotaka kujisifia leo.

Nililinunua mwezi wa kwanza kwa mzungu mmoja wa Kilimani aliyekuwa akirudi kwao. Landrova ya kijani, hema la juu limetoboka, na kuku walikuwa wakilala ndani yake. Kuku hawakunitia aibu. Kuku ndio walionilea. Nilikuja mji huu kutoka Maragoli nikiwa na baiskeli ya kuazima, nikabeba mayai kutoka hapa hadi Westlands, kikapu kimoja mbele na kimoja nyuma, mayai mia moja na ishirini kila asubuhi, kwa miaka sita. Yakivunjika zaidi ya matatu nilijua njia imenishinda siku hiyo. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo nimelisema mara nyingi, pengine mara nyingi mno.

Miezi mitatu nimekuwa chini ya gari hilo kila Jumamosi. Fundi mmoja wa River Road alinitengenezea gia, lakini mengine yote ni mikono yangu. Springi ya nyuma kulia ilikuwa na majani tisa ya chuma, ya kushoto manane. Jani moja lilikuwa limekatika na mwenye gari hakujua. Nati za magurudumu ishirini, nikazikaza moja moja kwa mpangilio wa msalaba. Nikaweka jeki, beleshi, panga, debe la maji na jerikeni mbili. Nikashona hema upya kwa sindano ya magunia. Siku nilipovuta ile gia fupi ya kupandia milima, yenye kichwa chekundu, na gari likapanda kilima cha hapa nyuma taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake, nilizima injini, nikashuka kulitazama. Sijui kama kuna chombo kizuri kuliko hicho. Hakina mapambo. Kila bolti unaiona, na kila bolti ina kazi.

Mwisho nikafunga kulabu. Chuma kinene, bolti nne, na nikaipaka rangi nyekundu ili ionekane mbali.

Niliifunga nyuma.

Mbele sikuweka kitu. Nikisema nilisahau nitakuwa nadanganya hata daftari langu mwenyewe. Sikusahau. Sikuona haja. Ya nyuma ni ya kuwavuta wengine, na mimi nilijiona mtu wa kuvuta.

Sababu ya kutaka kuingia chama cha wenye Landrova ni hii. Mwaka jana, wakati wa mvua za mwezi wa kumi na moja, nilikodi gari dogo kupeleka mayai kwenye shule moja mbele ya Limuru. Nikakwama mteremkoni tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa tisa nzima. Katikati ya saa hizo zilipita Landrova saba za chama cha wazungu, zimefuatana, watu wamevaa kofia za matembezi. Nilizihesabu. Ya nne ilinipungia mkono.

Nikasema, basi, nikipata langu nitaingia chama hicho hicho. Nilipolipata nikavaa tai, nikaenda Kilimani kwenye klabu yao kuuliza fomu. Mlinzi, Mwafrika mwenzangu aliyeijua biashara yangu, hakuniacha nifike ngazi ya kwanza. "Mayai ni mlango wa jikoni, ndugu," akaniambia kwa upole kabisa. Sikuwa na yai hata moja.

Kwa hiyo niliposikia kuna chama cha namna hiyo hapa hapa Kangemi nilikuwa nimeshakasirika kabla sijafika. Wenye magari ni watano, na leo walikuja wanne. Hukutana Jumapili baada ya ibada, na hawasemi ni mkutano, kwa sababu mkutano unataka kibali cha D.C., mkuu wa wilaya. Wanasema wanakagua magari, na kukagua magari hakutaki kibali. Mkubwa wao ni Nehemia, wote wanamwita Afande, aliyeendesha malori ya jeshi huko Burma. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia hakipo. Baada yake ni Mama Ruthi, mjane wa hapa hapa, anayelima kabeji kwenye shamba la ukoo na kuzipeleka sokoni mjini kwa Landrova anayoiendesha mwenyewe. Nilimdhania mke wa mmoja wao. Hilo pia niliandike.

Anayetaka kuingia huvuka kijito cha bondeni, apande ng'ambo. Halafu wanapiga kura ya mikono, na mkono mmoja ukikosekana, hujaingia.

Wao walitangulia wote wakavuka, wakaegesha upande wa pili. Nikabaki mimi. Nilipima maji kwa fimbo: inchi kumi na nne. Nikashusha gia ya kichwa chekundu, nikaingia. Maji hayakunisumbua. Yaliyonisumbua ni matope baada ya maji, yale meusi yanayovuta kama ugali wa wimbi. Gari likapunguza mwendo, nami nikafanya kosa la kila mtu mwenye kiburi: nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, likashuka inchi nne. Nikakanyaga tena. Inchi sita.

Nilitazama juu nikitegemea kuona watu wakikimbia. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Mama Ruthi alikuwa anamenya muwa kwa kisu. Afande alikuwa na mnyororo begani, tayari, na hakusogea.

Nikashuka, nikachimba. Nikaweka jeki, jeki ikazama. Nikatafuta mawe, nikayapanga chini ya gurudumu, nikarudi ndani, mawe yakamezwa yote.

"Bwana Mayai," mmoja wao akaita, "kulima umemaliza. Sasa unapanda mahindi ama maharagwe?"

Wakacheka. Mimi nilitazama saa yangu. Dakika ishirini na mbili. Nikawaza: wale saba wa Limuru angalau walipita. Hawa wameleta miwa.

Nikapiga kelele, "Kwani mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe," Afande akajibu.

Hakuwa anacheka. Nikamtazama yeye, nikautazama mnyororo, na pole pole, kama mtu anayesoma barua kwa lugha ngeni, nikaelewa. Walikuwa wanangoja neno. Hakuna aliyeniambia mapema. Baadaye nimejua kwamba huwa hawamwambii mtu.

Neno lenyewe ni dogo. Lakini nilikaa nimeshika usukani, na lilikuwa limekwama kama magurudumu yale. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisema kwa mtu yeyote, nikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, nikafika kwenye baiskeli ya kuazima.

"Nivuteni," nikasema.

"Sema na sauti, Baba Eliza!" Mama Ruthi akapaza, akiniita kwa jina la binti yangu. "Huku kuna mto!"

"Nivuteni!"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Miwa ilitupwa yote kwa pamoja. Wanne wale waliinuka kama mtu mmoja, na hakuna aliyemwamuru mwenzake. Mmoja akawasha gari la Afande akalirudisha nyuma hadi ukingo wa matope. Mmoja akakata matawi akayalaza mbele ya magurudumu yangu. Afande akaja dirishani, akasema, "Ondoa mguu kwa mafuta. Gia mbili. Usiguse kitu mpaka nikuinulie mkono." Yote hayo yalifanyika kabla sijahesabu hata hamsini.

Mama Ruthi alikuja mbele ya gari na mwisho wa mnyororo, akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Baba Eliza, hii gari yako tutashika wapi? Masikio?"

"Kulabu iko nyuma, Mama."

"Ya nyuma ni ya kuvuta wengine. Ya kuvutwa iko wapi?"

Niliitazama bampa yangu niliyoisugua kwa brashi ya waya siku mbili nzima, ikang'aa, haina mahali pa kufunga hata mbuzi.

Yeye hakungoja. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akalala chini. Mwanamke aliyevuka miaka hamsini, mwenye wajukuu, alilala ubavu kwenye matope meusi, akaingiza mkono hadi begani chini ya gari la mtu aliyekutana naye leo hii tu. Nilimsikia akizungumza na chuma. "Siyo hapa. Hapa ni mkono wa usukani, itapinda. Ngoja... ndiyo, hapa." Aliuzungusha mnyororo kwenye fremu, mahali penyewe hasa, mahali ambapo mimi niliyelala chini ya gari hilo miezi mitatu ningechagua baada ya kuchungulia mara mbili. Akatoka. Upande mmoja wa uso ulikuwa mweusi kabisa. Akainua kidole kumwonyesha Afande kwamba tayari.

Gari lilitoka kama jino.

Huko juu, tukiwa tumekaa, Afande alinieleza kwa nini hawamvuti mtu asiyeomba. "Mtu kama hajaomba, mguu wake bado iko kwa mafuta. Anafikiri itatoka yenyewe. Unafunga mnyororo, yeye anaruka, mnyororo inakatika." Akainua mkono ule wenye pengo katikati. "Sajini niliyemvuta huko Burma alikuwa mzuri sana. Hakupenda kuomba."

Nimewaza maneno hayo jioni yote. Nilidhani ni dharau, kumbe ni utaratibu wa kazi, kama kukaza nati kwa msalaba. Watu hawa hawana jengo wala fomu, na hakuna mlinzi anayewapangia wageni milango. Lakini nimeona jinsi kila mmoja anavyojua mahali pa kusimama, na ninasema bila aibu kwamba sijaona ofisi mjini inayofanya kazi safi kama ile.

Kisha kura. Afande akainua mkono, na wale wawili wakainua.

Mama Ruthi hakuinua.

Alikuwa anajifuta shavu kwa majani. "Sina ubaya na wewe, Baba Eliza," akasema. "Gari umetengeneza vizuri, nimeiona tumbo yake, ni safi kuliko yangu. Lakini leo nimelala kwa matope. Siku ingine itakuwa usiku, ama kwa mto umejaa, na mimi silali tena. Weka mahali pa kukushika. Jumapili ijayo nikiona, nitainua mikono miwili."

"Na miguu," mwingine akaongeza.

"Miguu ni ya mtu mwingine," akasema, na wote wakaangua kicheko, hata mimi.

Niliporudi nyumbani hasira ilikuwa imepanda tena. Mkono mmoja! Nilipanga hoja zangu njia nzima, na zilikuwa nzuri: gari lilivuka, neno nilisema, fremu inatosha kufungiwa. Nilipofika uani nikazima injini, nikainama mbele ya gari kuosha matope. Pale chini, kwenye matope yaliyokauka juu ya fremu, nikaona alama ya vidole vyake vinne, alipojishikilia akipitisha mnyororo.

Hoja zikaisha.

Basi. Fundi wa kuchomelea hapa Kangemi hufungua saa mbili asubuhi, na mayai huwa Westlands saa moja. Kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kuchelewa, hata wiki ile mtoto wetu wa pili alipozaliwa. Kesho nitachelewa, maana kulabu itatangulia mayai. Wale wa hoteli ninayoipelekea mayai watakula mkate mkavu, na wakiuliza nitawaambia ukweli, kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kushikwa.

Nimeshapima kwa taa ya mkono. Kulabu itakaa katikati ya bampa, inchi ishirini na mbili kutoka chini, bolti sita badala ya nne. Kwa urefu huo Mama Ruthi ataifikia akiwa amesimama.