Posa kwa Kiswidi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Haruni kapiga simu kutoka Uswidi. Wiki ijayo anakuja Mafia na mama yake Mswidi, Mama Karin, na posa italetwa kwetu Utende Jumapili ya tarehe 17. Alhamdulillahi! Nimeruka mpaka uji ukamwagika.

Halafu kaongeza — mama yake Kiingereza anakijua, ila mambo ya moyo huyasema kwa Kiswidi. Nikajibu, kwani tatizo liko wapi, nakijua! Ulimi huu utaniponza. Najua salamu na "samaki".

Na lile letu bado. Namtaka Haruni, Uswidi siitaki. Naye hathubutu kumwambia mama yake kwamba tutaishi hapa. Eti nimwambie mimi. Mwanamume mzima!

Alhamisi, 7 Agosti

Vivumishi. Balaa! Mashua kubwa ni "stor", nyumba kubwa ni "stort". Kwa nini? Eti mashua ni "en", nyumba ni "ett". Nani kazigawa? Hajulikani. Na ikishakuwa ile nyumba mnayoijua, inageuka "stora". "Dogo" ndiyo usiseme: liten, litet, lilla, små. Majina manne, na kitu chenyewe hakijai kiganja!

Nimemlalamikia Haruni. Kacheka: mbona nyinyi mna mtu mzuri, kiti kizuri, maua mazuri? Nikamwambia hiyo si sarufi, huko ni kuongea tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata "bra"! Maana yake nzuri, na haibadiliki hata uifanyeje. Mashua bra, nyumba bra, watu bra. Mungu hamtupi mja wake.

Shangazi Mwatima kanisikia jikoni na bra zangu, katangaza mtaa mzima kwamba Kiswidi kinanitiririka. Baba naye: basi mkalimani wa nini, Zulfa si yupo? Nikasema, Baba, mwari atafsiri posa yake mwenyewe? Haruni je, si atafsiri yeye? Baba kanitolea macho: muoaji aje kwenye posa yake! Nitatafsiri nyuma ya pazia, kwisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nakariri kwa Kiswidi: nyumba yenu ni nzuri, lakini mimi nitaishi Mafia. Nisipoyasema kesho mbele ya wazee, hayasemeki tena.

Jumapili, 17 Agosti

Wako sebuleni bado.

Wamekuja ndugu za marehemu baba yake Haruni kutoka Chole, pamoja na Mama Karin, kajitanda kanga, tabasamu sikio kwa sikio. Mzee wao kafumba weee: wameona ua zuri uani kwetu, wanaomba kulichuma. Mama Karin kauliza kasemaje. Nikasema nyuma ya pazia: kasema, bra. Baba kajibu kwa fumbo refu zaidi. Bra. Mama Karin kafurahi, eti watu wa hapa hawapotezi maneno, kama kwao.

Kisha kaomba aniulize mwenyewe. Akasogea penye pazia, akasema Kiswidi polepole, yote nikayaelewa: kuna nyumba ndogo nyekundu karibu na yake, kaipaka rangi kwa mikono yake. Je, nitakuja kuishi?

Ndipo! Nikafungua mdomo. Nyumba ni... fin? Fint? Fina? Mtu kajichosha na brashi, nimkatalie nyumba yake, tena kwa sarufi mbovu? Ngoja, nyumba ni "ett", kwa hiyo —

"Kanyamaza!" Shangazi Mwatima huyo. "Mwari kanyamaza, karidhia!"

Vigelegele! Kwetu mwari haulizwi akajibu. Kimya chake ndilo jibu, na wakubwa wameshalichukua. Nikapiga kelele kwa Kiswidi: nyumba ni nzuri, lakini — na "lakini" yangu ikamezwa na vigelegele. Mama Karin kasikia kipande cha kwanza tu, kaangua kilio cha furaha.

Wakasoma Fatiha. Nani akatize Fatiha? Ilipofika Amin, Mama Karin akafunua pazia, akanikumbatia, akanivisha koti. Koti la baridi! Zipu kaipandisha mwenyewe mpaka kidevuni, akarudi kwa wageni. Limenikaa sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma.

Naandika nalo mwilini, jasho chapachapa. Kwa wageni namsikia Shangazi, anauliza baridi ya huko huanza mwezi gani.