Ati Ndovu Wanakura Ukuta

Baba Nekesa, sasa? Huku Elgon baridi inauma masikio, lakini mimi ni mzima.

Anayetuongoza ni mtu wa kwenu Bokoli, kwa hivyo nilianza kumshuku mapema. Leo ametuingiza pangoni akasema, "Hapa ndovu huwa wanakura." Nikamuuliza, wanamchagua nani? Akacheka. "Si kupiga kura, mama. Kukura! Wanakura ukuta." Kumbe ni kula! Ati mlima huu ulikuwa volkano, majivu yake yakageuka mawe yenye chumvi, na ndovu huyachimba kwa pembe. Alama ziko ukutani kweli, lakini nilijiambia huyu amezichonga mwenyewe na panga adanganye wageni. Basi alipogeuka, nikaulamba ule ukuta. Baba Nekesa, ni chumvi!

Kesho tunapanda kilele cha Koitoboss. Anasema kutoka mwisho wa barabara ni "karibu tu". Hiyo sasa siwezi kuilamba. Na ni ile ile "karibu tu" uliyoniambia siku ya kwanza ukinipeleka kwenu, nikafika nimeshika viatu mkononi.

Nekesa avae sweta. Mbusu. Wewe nitakubusu nikirudi, kama huyu ndugu yako atanirudisha.

Mama Nekesa