Tawi Likatwe kwa Mkono

Leodgar na Boke,

Nimewahi basi la Musoma. Uji nimeufunika jikoni.

Tawi la mwarobaini lililolalia bati likateni kwa msumeno wa mkono. Anzeni kulikata kidogo upande wa chini, gome lisichanike. Yule fundi wa msumeno wa injini nimemrudisha. Asubuhi alipouwasha tu, baba yenu alijitupa chini hapo uani, akawa anamwita Felisian, mwenzake aliyefia vitani Uganda. Nilimkumbatia mpaka akaacha kutetemeka.

“Nimekuaibisha, mama Leodgar.”

Aibu gani?

~~Msimsumbue, apumzike.~~ Hapana, mwiteni awashikie ngazi. Akianza kusimulia habari za huko, acheni kukata, mkae mumsikilize. Mimi kila nikimuuliza ananyamazaga.

Mama yenu