Maua Hayakai Eda

Mpapura, 2 Juni 2024

Mwanangu Mustafa,

Assalaam alaykum. Huku wazima, ukitoa magoti yangu na uchovu wa kukaa. Wewe je, na vumbi la Tunduma? Unakula?

Naandika kwa sababu simu nimempa shangazi yako Sharifa aizime. Kila anayepiga ananililia, halafu mimi mfiwa ndiye nimbembeleze. Mwezi mmoja tu wa eda na nimeshachoka kupewa pole.

Mikorosho ya bondeni imeanza kuchanua. Dawa ya salfa ipo, mifuko minane, marehemu baba yako aliichukua wiki moja kabla hajatutoka. Mashine ya kupulizia ipo. Mtu ndiye hayupo. Mimi natakiwa nikae ndani miezi minne na siku kumi, na maua hayakai eda. Yakishikwa na ule ukungu mweupe, mwaka umekwenda. Njoo upulize, mwanangu. Alfajiri tatu nne tu, umande ukiwa bado kwenye majani.

Mama yako

Tunduma, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kupakia malori kunamaliza mgongo. Pole na eda.

Nitakuja, lakini si sasa. Nimeongea na Dickson, yule jirani yetu, atapuliza yeye.

Mwanao, Mustafa

Mpapura, 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima. Mimi nipo, nasukuma siku.

Dickson alikuja saa nne, jua limeshawaka, umande umekauka. Unga wote ukaanguka chini. Namwona dirishani, kutoka siwezi, na wifi zangu wamekaa mlangoni kama askari. Kamaliza mifuko mitatu kwa kuipaka ardhi poda.

Msiba wa baba yako hukufika, ukasema gari liliharibika Masasi. Nikakubali. Sasa niambie kweli, hapa nyumbani unaogopa nini?

Mama yako

Tunduma, 21 Julai

Mama,

Shikamoo. Gari halikuharibika. Nilifika Masasi nikageuza.

Mwaka jana nilimwacha baba katikati ya msimu wa salfa, kisa kupishana maneno tu. Akabeba mashine mwenyewe na miaka yake sitini na nane, puani kitambaa. Kifua kilimwanzia pale, na Mpapura yote inajua. Siwezi kuivaa ile mashine mgongoni. Naomba uniambie jambo moja: alinisamehe?

Mwanao, Mustafa

Mpapura, 9 Agosti

Mwanangu,

Salaam. Barua yako imelala chini ya mto wangu siku nne.

Unauliza kama alikusamehe. Sijui. Hakusema, na mimi sikumuuliza, nilidhani muda upo. Ningeweza kukudanganya upate usingizi, lakini siwezi kumsemea maiti. Mimi sina kinyongo nawe. Hilo ni langu, nakupa.

Jana nilitoka. Nilivuta kamba mara kumi ndipo mashine ikawaka. Nimepuliza miti sita, nikakaa chini. Sharifa akanikuta, akanirudisha ndani kwa mkono, na sasa kijiji kinasema nimevunja eda ya mume. Shehe amesema dharura ina hukumu yake. Wifi zangu hawamsikii.

Bado kuna mifuko minne, na maua ya mwisho yana wiki mbili. Kama ni kuja, ni sasa.

Mama yako

Mpapura, 12 Septemba

Mustafa,

Natumaini u mzima. Wiki mbili zilipita, hukuja wala hukuandika. Maua yamekauka meusi, miti sita tu ndiyo yenye korosho.

Eda imeisha Jumatatu. Wameniogesha, wakanivika kanga mpya, watu wakala wali. Mgeni mmoja alinipa pole kwa kutojaliwa mtoto. Sikumsahihisha, nilikuwa nimechoka.

Shamba nimempa Zuberi wa Sharifa, alitunze na avune yeye. Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ni mpwa wa marehemu, na kwa desturi za huku mpwa humrithi mjomba, hata angedai asingekosea. Na ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mjomba wake, mahali pako.

Mashine nayo kaichukua. Hapa nyumbani nimebaki mimi tu. Kama kweli kilichokuzuia ni ile mashine, sasa nitajua, ukija au usipokuja.

Mama yako