Sikukuu Tuliyoirekodi Mapema

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tunaamka na tunakwenda kazini. Sitasema zaidi ya hapo, sababu utaiona mbele.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako ikiita mama ndiye anayepokea, anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza. Haya ni ya kwako peke yako. Isome ukiwa chumbani, umekaa. Anayekuletea ni muuguzi, jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Amepata likizo ya siku kumi, na kuna kitu nataka arudi nacho.

Nianze na ile video ya sikukuu. Haikurekodiwa siku ya sikukuu. Hata za miaka mitatu iliyopita hazikurekodiwa siku hiyo. Mimi napiga pasi mashuka ya hoteli, na hoteli hufurika sikukuu. Wifi yako anasafisha nyumba ya wazee, na vyoo vya wazee havina likizo. Mdogo wetu, Mheshimiwa, walimpangia ghala la baridi, kazi ya kupakia maboksi ya nyama. Kwa hiyo kila mwaka tunatafuta Jumapili moja ambayo wote tuko nyumbani, tunavaa, tunapakua, tunarekodi. Video naiweka mpaka siku yenyewe, naituma asubuhi mama anapoamka. Tulikubaliana kwamba huo si uongo, ni kuwahi tu.

Mwaka huu Jumapili hiyo iliangukia wiki tatu kabla. Chumba ni kimoja, basi kitanda tulikisimamisha ukutani tukakifunika kwa shuka la bluu, lile mlilolisifia mkidhani ni ukuta wa sebule. Mwanangu wa miaka sita aliuliza kwa nini aseme leo ni sikukuu wakati kesho ana shule. Mheshimiwa akamjibu kwamba wakubwa wana kalenda yao. Kisha akakaa kama mbunge aliyepita bila kupingwa, akamwambia mama asihangaike kumtafutia mchumba, kwani dada ameshampendekezea wanane na wote wana wajukuu. Mama alinitumia sauti yake akicheka. Alisema ameirudia mara nne, na kwamba mwanawe amenenepa.

Hakunenepa, dada. Alivaa sweta mbili ndani ya koti kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Tulirekodi mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili alishikwa na kikohozi katikati ya salamu. Wifi yako alisema tuache, twende hospitali mara moja, chakula kitapashwa moto. Mimi nikasema tumalize kwanza, Jumapili nyingine hatuna. Mara ya tatu aliziba mdomo kwa kitambaa, na pale aliposhindwa nilikata kipande hicho baadaye. Ukiitazama vizuri, mkono wake unaruka kutoka mezani hadi begani. Ni pale.

Jumatatu aliniomba nimpigie simu msimamizi wake, kwa sababu mimi naijua lugha ya huku kuliko yeye, nimwombee siku tatu za kupumzika. Nilimwambia ajikaze, msimu huu wa sikukuu anayeomba ruhusa anatafutiwa mtu mwingine, na yeye bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Akasema sawa, kaka. Hakubishana. Unajua yeye kwa kubishana, ilipasa nishtuke.

Siku ya kumi na moja baada ya Jumapili ile alianguka kati ya rafu za ghala. Daktari alisema ni homa ya mapafu iliyocheleweshwa. Aliishi siku tano. Mdogo wetu amefariki, dada, Jumanne saa tisa mchana, mimi nikiwa kazini na wifi yako akiwa ameshika mkono wake. Ilikuwa siku tano kabla ya sikukuu.

Na asubuhi ya sikukuu nikaituma video. Nilijua mama amekaa na simu mkononi anaisubiri. Nilijiambia acha apate siku hii moja. Zikawa mbili, sasa ni kumi na mbili. Kila akiuliza namwambia Mheshimiwa yuko zamu, au simu yake imeingia maji. Jana mwanangu alitaka kuongea na bibi yake nikamnyang'anya simu.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Hospitali haitatoa mwili bila idhini ya mzazi, kwa kuwa hakuoa. Tutamzika hapa, kumsafirisha hatuwezi. Mama aweke sahihi pale nilipotia alama ya kalamu, muuguzi arudi nayo. Muda tuliopewa na hospitali unaisha tarehe ishirini.

Fomu iko kwa lugha ambayo mama haisomi. Kwa siku mbili niliandika barua nyingine ya kukuomba umwambie ni karatasi za shule ya mjukuu wake, asaini tu, mengine tuyaseme siku za mbele. Nimeichana. Usimpe kalamu kabla hujamwambia kila kitu, pamoja na Jumatatu ile na nilichomjibu mdogo wetu. Akikataa kusaini, akatae akijua.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaotuulizia. Mama usimpe salamu zangu. Mpe habari kwanza, kisha mwulize kama anazitaka.

Mimi mdogo wako,
uliyeniaga ukisema nimwangalie mwenzangu.