Mama Anakushukuru kwa Maji

Eburru, juu ya Ndabibi,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Gathogo,

Nakuita mpendwa kwa sababu Mama ameketi hapa kando yangu, na anajua barua huanza hivyo. Hujambo huko Calgary? Baridi haijakumaliza? Sisi ni wazima, ukitaka kujua, ingawa hujauliza tangu Krismasi. Simu zangu hushiki, ndiyo maana hii inakuja kwa mkono wa Sue wa jirani yetu Muiruri, anayesafiri kuja huko. Nimemwambia asiiache mlangoni. Asimame hapo hapo mpaka uifungue.

Mama ameniagiza nikuandikie kukushukuru. Nitakushukuru nikifika mwisho. Kwanza nikwambie umefanya nini.

Hao wenye nyumba wenzako wamejaa huku juu sasa. Ijumaa jioni wanapanda na magari makubwa, Jumapili wanashuka, katikati ya wiki tunabaki na mbwa wao. Wameweka geti, wakaupa mlima wetu jina, eti Misty Ridge, na mwenyekiti wao, yule Madam Lynn, ana kanuni kuliko kanisa. Jogoo asiwike watu wakiwa wamelala. Nguo zisianikwe upande wa bonde. Punda asipite getini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawa wamekuja mwenyeji akonde.

Hayo ningeyavumilia. Shimo la mvuke ndilo siwezi.

Unakumbuka kwamba huku juu hakuna mto wala kisima, au umesahau na hilo? Mzee alipokugawia kipande cha juu chenye lile shimo, alisema mbele yetu sote kwamba ardhi ni yako lakini maji ni ya nyumba nzima. Ni yeye aliyelaza mabomba juu yake, mvuke ukaingia, ukapoa, ukadondoka kwenye pipa. Hayo ndiyo maji yaliyokuogesha wewe, na ndiyo tumekunywa mpaka mwaka huu.

Madam Lynn aliona mvuke akadhani tunachoma takataka. Akamtuma Kipkemboi, mlinzi wa nyumba yako, aende auzime na ndoo ya maji. Kipkemboi amezaliwa huku. Alicheka mpaka akaketi chini. Basi nikaenda mwenyewe kumweleza yule Madam, kwa heshima, kitambaa kichwani. Akaniambia hata kama ni mvuke, unaharibu sura ya mtaa, na tena mwenye shamba ameshakubali. Nikamwambia mwenye shamba ni ndugu yangu, hawezi. Akanionyesha simu. Ulikuwa umeandika, hakuna shida, zibeni. Na kidole gumba juu yake.

Nilirudi nyumbani bila kumuaga, Gathogo. Wao hawajui ule moshi ni nini. Wewe unajua. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliifua mimi ulipokuwa mtoto.

Mafundi walikuja Januari, kiangazi kikiwa kimeshika. Waling'oa mabomba ya mzee wakayatupa kwenye ua, wakajaza shimo mawe na simiti. Tangu siku hiyo nikawa nashuka na punda mpaka Ndabibi kutafuta maji, na kwa kuwa punda hapiti getini, tunazungukia kwenye miiba na makorongo. Mama aliona ninavyorudi nimechoka. Akaanza kunywa kidogo kidogo, anasema hana kiu. Hana kiu, na miaka yake themanini, kwenye vumbi la Februari. Asubuhi moja nilimkuta ameanguka kando ya kitanda, midomo imepasuka, na mtungi niliomwekea bado umejaa.

Hata hapo hakukulaumu. Unajua bado anakuita Baba, kwa sababu umebeba jina la baba yake. Alinishika mkono akasema Baba hajui, angejua hangekubali. Nikamshikia kikombe anywe.

Sasa sikiliza habari za nyumba yako, ile uliyojengewa hatua chache kutoka kwa shimo na hujalala ndani yake hata siku moja. Ulidhani mvuke ukizibwa unakufa? Wiki hiyo hiyo Mama alipoanguka, Kipkemboi alikuja mbio akisema nyumba inatoa jasho. Nilidhani amelewa. Nilipoingia, kuta zilikuwa zinachuruzika, dari imevimba, na sakafu ya sebule imepasuka kutoka mlangoni hadi dirishani. Mvuke unatoka kwenye ufa kama sufuria ya githeri ikichemka motoni. Madam Lynn aliitwa akaangalia, akaziba pua, akasema kanuni ni kwamba kila mwenye nyumba atawajibika kwa kinachotoka kwake. Hiyo ndiyo kanuni yao ya kwanza niliyoipenda.

Tuliokota mabomba ya mzee kule kwenye ua. Kipkemboi akafungua dirisha, tukayapitisha, tukayalaza juu ya ufa, tukaweka mapipa pale ulipotaka kuweka viti vya ngozi. Asubuhi yalikuwa yamejaa. Majirani wote wa upande wetu wanachota humo sasa. Wanaingia na matope ya viatu vyao, na sitawaambia wavue. Usiniandikie habari za sakafu.

Mama nilimleta mwenyewe, pole pole, na mkongojo wake. Aliweka kiganja chini ya bomba, akanywa, akanawa uso. Kisha akaanza kulia, akasema alijua tu. Anaamini ulijenga nyumba juu ya maji makusudi, ukayaficha ndani ili wageni wasituzibie. Baba amenitunzia maji, ndivyo anavyowaambia watu. Leo kanisani wamekuombea kwa jina. Nilisimama pamoja nao nikasema amina.

Sijamwambia. Usidhani nimekuhurumia wewe. Nimemhurumia yeye.

Msalimie mkeo Wangui na watoto, ambao hawana kosa. Muiruri anakusalimu. Kipkemboi pia, na anauliza aendelee kulinda nini. Mungu akulinde, na akupe kiu kidogo, ili usitusahau.

Basi, kama nilivyoagizwa: Mama anakushukuru kwa maji. Anasema barua haitoshi, anataka kukushukuru uso kwa uso, na kila gari likipanda mlima anauliza kama ni wewe. Njoo. Utatupata sebuleni kwako, kando ya pipa. Nitanyamaza kabisa, nisikie utamjibu nini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa kuwa tulinyonya titi moja,

Wangare